Wiki ya Sita Bila Nafula

Jumatano. Mvua imeanza saa nane mchana na bado haijaamua kuacha. Baridi ya leo ni ile ya kuingilia miguuni. Mimi niko sawa, nafikiri. Nimekunywa chai na mkate mara mbili, nimepiga simu nyingi, na nikiulizwa siku imekuwaje sina cha kujibu.

Siku hizi zote ni moja. Naamka, natandika kitanda, nakikalia hicho hicho, naweka kompyuta juu ya stuli, navaa hedifoni. Hiyo ndiyo kwenda kazini. Ofisi ya mjini ilipofungwa kwa sababu ya korona, kila mmoja wetu alibeba vyake akaenda navyo nyumbani. Kazi yetu ni kupigia wakulima: mbegu imefika, mbolea iko, ungependa tukuandikie? Maneno yako kwenye karatasi niliyoibandika ukutani juu ya mto. Siitazami tena. Yanajisema.

Nyumba yetu hapa mtaa wa Tuwan ni vyumba viwili na bati juu. Mvua ikinyesha, mkulima hanisikii, namwomba radhi, naongeza sauti. Simu zote zinarekodiwa, na msimamizi wetu huzisikiliza baadaye. Mvua anaielewa.

Mtoto hapana.

Nafula wangu ana mwaka mmoja na miezi minane. Ukimfungia mlango analia mlangoni. Ukimfungulia anapanda mapajani na kuvuta blauzi anyonye, na mimi niko katikati ya kumweleza mtu mbegu ya kupanda huku nyanda za juu. Baba yake yuko kazini Lodwar na hajaweza kuja. Msichana aliyekuwa akinisaidia alirudi kwao korona ilipoanza. Mara ya tatu aliposikika kwenye simu, msimamizi aliniambia kwa upole, ule upole wa kuogopesha, kwamba mteja hapaswi kusikia nyumba yangu.

Sasa niandike ukweli, maana sina pengine pa kuuandika.

Huku kwetu mtoto akifika umri wa kuachishwa nyonyo, anapelekwa kwa nyanya yake. Wiki mbili hivi. Analia siku chache, anazoea uji, anarudi amesahau. Kila mtu anajua hiyo na hakuna anayeuliza maswali. Kwa hivyo nilimpigia mama mkwe wangu kule Kamukuywa, nikamwambia, Mama, nataka kumwachisha Nafula. Akafurahi. Akasema nimlete. Jumapili nikampeleka na nguo za wiki mbili.

Sikutaka kumwachisha. Nilitaka kimya.

Hii ni wiki ya sita.

Na Kamukuywa si mbali. Nikitoka hapa baada ya chai ya asubuhi nafika kabla sufuria ya mchana haijatoka jikoni. Lakini kila Jumamosi nimepata sababu. Kuna wiki jirani mmoja wa ploti yetu alipatikana na ugonjwa, nikasema nisimpelekee Mama virusi, naye ana ugonjwa wa sukari. Hiyo ilikuwa sababu ya kweli. Zile zingine hapana.

Maziwa yangu yalikauka wiki iliyopita. Niligundua nikioga. Nikasimama pale na sabuni mkononi nione kama nitalia. Nikangoja. Maji yakapoa, nikajisuuza, nikatoka. Saa mbili kamili nilikuwa kwa hedifoni.

Kinachoniogopesha ni kwamba nimezoea.

Leo asubuhi mzee mmoja wa Chwele alinisikiliza mpaka mwisho bila kusema hata mm. Halafu akauliza, "Sasa wewe ni mtu ama ni lekodi?"

"Ni mtu, mzee."

"Hebu kohoa nijue."

"Siku hizi nikikohoa si utakimbia?"

Alicheka mpaka akakohoa yeye. "Haya, niandikie mifuko miwili. Umenichekesha bana. Lakini unaongea kama mtu amelala, mama."

Nikamwandikia mifuko yake. Nafikiri na mimi nilicheka. Aliyefuata nilimsalimia kwa sauti ile ile ya siku zote.

Wakati wa mapumziko, mvua ikiwa bado, nilimpigia Mama. Huwa nampigia Jumatano na Jumapili. Sikutoka hata pale kitandani, sikuvua hedifoni. Nikamwuliza kama sukari imeshuka, akasema iko hivyo hivyo. Akasema, "Ngoja nikupee mwenyewe," nikamsikia akiita, "Nafula! Kuja uongee na mama!"

Nikasikia miguu midogo ikija mbio. Nikamsikia mwanangu karibu kabisa na simu, anahema, akisema, "Mama."

Hakuwa akiniambia mimi.

"Si mimi, mimi ni Kukhu," Mama alimwambia. Kukhu ndivyo tunavyoita nyanya. "Mama ni huyu wa kwa simu." Lakini mtoto alikuwa ameshakimbia. Nikasikia kuku wakitawanyika.

Nikasema hakuna shida. Nikasema ni vizuri anacheza. Tukaongea kidogo kuhusu mahindi yao, yamefika magotini. Nikaangalia saa, mapumziko yanaisha, na kwa ile sauti, na ule utamu wote wa kampuni, nikamwambia mama mkwe wangu:

"Asante sana kwa muda wako. Je, kuna jambo lingine ningekusaidia leo?"

Niliyasikia maneno yakiwa yameshatoka.

 

"Ndio, liko," Mama akasema. "Nekesa, huyu mtoto aliacha nyonyo siku ya nne. Ya nne! Nimekuwa nikingoja useme unakuja."

Nikatazama ile karatasi ya ukutani. Mistari yote ilikuwa ya mbegu na mbolea.

"Mama, ni kazi," nikasema.

"Si ungesema ni kazi. Ningekaa naye tu, na kila Jumapili ningekuita umwone. Lakini uliniambia nyonyo, nikahesabu siku za nyonyo." Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa ngumu. "Sasa nikae naye mpaka aingie shule ama unakuja? Sema tu, niongeze blanketi."

"Nakuja Jumamosi."

"Jumamosi gani?"

"Hii."

"Haya. Usijisumbue na soda. Vaa maski."

Akakata. Nilikuwa nimebakiza dakika chache. Nilidhani sasa ndipo nitalia, nikajipa nafasi kabisa, nikatoa hedifoni. Hakuna. Ni kama mkono uliolaliwa, unaubonyeza na unajua ni wako lakini hausemi kitu.

Kwa hivyo nilifanya kile nilichoweza kufanya bila kuhisi. Nilimwandikia msimamizi. Kwamba kuanzia Jumatatu mtoto wangu atakuwa nyumbani, na nitajaribu, lakini atasikika. Kwamba nitakuwa namwambia mkulima mwanzoni kabisa, mzee, kuna mtoto hapa, tuvumiliane. Kwamba kama haiwezekani aniambie kabla ya hiyo Jumatatu ili nijipange. Nikausoma tena ule ujumbe, nikaondoa samahani mbili zilizokuwa ndani, nikautuma.

Ameusoma. Hajajibu.

Labda kazi imeenda. Nimeliandika hilo nione kama litanishtua, na bado. Pengine woga utafika kesho, pamoja na jibu lake. Lakini sitaufuta ule ujumbe. Na sitatafuta sababu ya Jumamosi.

Najua hatanikimbilia. Nimeona watoto wa wengine wakichukuliwa baada ya kukaa sana. Anajificha nyuma ya leso ya nyanya, anakuangalia kama mtu aliyekuja kuuza kitu. Na mimi sijui nitahisi nini nikimwona. Inawezekana nisihisi chochote, na hata hivyo nitaenda, kwa sababu yeye hakuniomba nihisi, aliniomba nifungue mlango.

Nitachuchumaa pale uani kwa Mama na maski yangu, ninyooshe mikono, ningoje. Akichukua mchana mzima kuja, basi ni mchana mzima.