Koti Lako na Meli ya Saruji

Nyumba ya ngazi za nje,
Nyuma ya kiwanda cha barafu,
S.L.P. 61.

Jumapili, tarehe 14 Februari

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu sote, kuanzia Mama hadi paka. Habari za huko kwenye baridi? Wifi hajambo? Yule mdogo meno ya mbele yameshaota, au bado anatafuna kwa pembeni kama bibi kizee? Na mgongo wako je, ule uliosema unakukata kwa kubeba maboksi? Tafadhali usijifanye kijana. Sisi huku tu wazima, kwa maana ya kwamba tunakula na tunalala. Hayo mengine ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu, kwa sababu maji yamenifika shingoni na wa kumwambia ni wewe tu.

Kwanza, ahsante kwa koti. Ni zuri, zito, lina manyoya kwenye kola, na huku kwetu hata kuku anatembea akitafuta kivuli. Baba alilivaa mara moja, sebuleni, akatoka jasho kama aliyemwagiwa ndoo, akasema kijana wake ana akili. Tangu siku hiyo koti halikai kabatini. Linakwenda baharini. Nitakuambia linafanya kazi gani huko, na ukicheka nitajua.

Mama anaendelea vizuri isipokuwa goti. Zile ngazi za nje siku hizi anazipanda mbili anapumzika, mbili anapumzika, na kila kituo ana neno la kumsema Baba. Akifika juu ameshamaliza hotuba. Mimi humfuata na kikapu, naitikia.

Kazi ipo, hatulalamiki. Wageni wanaokodi boti nzima kwa siku wameongezeka, na wamegawanyika makundi mawili kama zamani. Wale wanaotaka kupiga picha na kurudi na hadithi tunawapeleka miambani hapa karibu, wanavua changu wawili watatu, wanaungua pua, wanafurahi. Wale wanaojua kuvua hawataki kusikia habari ya miamba. Hao wanataka meli ya saruji, kule chini ilikolala na samaki wake.

Na hapo ndipo kichwa kinaponiuma. Wewe uliondoka miaka kumi na moja iliyopita, hujui mambo yalivyo sasa. Tukishapita boya la mwisho, Baba anazungusha ndoo yenye mfuniko, kila mgeni atie simu yake humo asije akaiba mahali meli ilipozama. Mkurugenzi, hakimu, bibi harusi, wote ndooni. Kisha anachukua koti lako, manyoya na vyote, anafunika mashine ya kuonyesha mahali tulipo, ile tuliyonunua baada ya kubembelezana miezi sita. Anaifunika ili nisiione mimi. Mimi ninayeshika usukani! Fundi wa injini, tunayemwita Taratibu kwa sababu hajawahi kukimbia hata mvua, alimuuliza siku moja, "Mzee, sasa huyu nahodha anaendesha kwa harufu?" Baba akamwambia aangalie injini yake.

Utaratibu ni huu. Mimi natazama mbele, mikono usukanini. Yeye anasimama nyuma yangu, ananipa mgongo, macho nchi kavu, anapanga alama zake. Alama zikienda kushoto ananigusa bega la kushoto, zikienda kulia ananigusa la kulia. Zikikaa sawa ananigonga katikati ya mgongo, nazima injini. Anashusha timazi lake, lile la risasi, na kusikiliza kwa vidole. Likigonga mchanga anasonya. Likigonga chuma anawaambia wageni, "Haya, shusheni."

Sasa nikuambie siri ambayo hata Mama hajui. Mwaka ule wa kwanza nilioshika usukani nilitundika kioo kidogo juu yake. Nilisema cha kufungia kilemba, upepo unanivuruga. Baba aliwalalamikia wageni mwaka mzima kuhusu wanawake na vioo. Lakini mwenye macho haambiwi tazama. Katika kioo kile nimeona alama zote, moja baada ya nyingine, kwa miaka minane. Ukuta wa bandari na kona ya ghala. Na ile kubwa, tangi jeupe juu ya paa la shule, linavyotakiwa kukaa juu ya mnara wa simu kama kofia. Wewe alikuonyesha siku ile alipoigundua meli, ukiwa na miaka saba, akasema mbele ya watu kwamba meli hii ni ya mwanawe wa kwanza. Nilikuwepo, nilikuwa mgongoni mwa Mama. Wahenga wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Wangekuja nyumbani kwetu wangejifunza jambo jipya.

Sikuwa na neno, Kaka. Naapa. Nilisema mzee ana yake, mwache nayo, boti inakwenda na wageni wanarudi. Sasa sivyo tena.

Mwezi wa kumi na moja shule iliezeka upya nusu ya paa na tangi likashushwa. Nililiona kwa macho yangu likipita barabarani juu ya lori, limelala ubavu. Nikasema moyoni, leo mzee atachanganyikiwa, na nikajiandaa kwa ghadhabu zake. Tukatoka na daktari wa meno, yule mteja wetu wa kila mwezi. Tukapita boya, ndoo ikazunguka, koti likafunika. Nikamtazama Baba kwenye kioo. Siku hizi hunong'ona akipanga alama, akidhani injini inamficha. Nikamsikia: "Tangi lile. Linakuja. Linakuja taratibu. Limekaa." Na juu ya paa la shule hapakuwa na kitu ila mabati na anga.

Nilitazama kisogo chake kwenye kioo, uso ulikuwa umeelekea upande ambao hata shule haipo. Alikuwa haoni, Kaka. Alikuwa anakumbuka.

Sikuweza kusema. Fikiria mwenyewe. Nikimwambia tangi halipo, atauliza nimejuaje kwamba tangi ni alama. Basi nikameza mate, nikatazama palepale lilipokuwa, ambapo mabati mekundu mapya yanakutana na ya zamani ya kijivu, nikaipeleka boti hadi juu ya meli kidogokidogo, na yeye akanigonga mgongoni kana kwamba ndiye aliyefika. Timazi likagonga chuma. Tangu siku ile nimekuwa nikiendesha hivyo, nikiipata meli kwa siri ili yeye aipate hadharani. Nimechoka mpaka kope.

Mama na mimi tulimdanganya kwamba goti linapelekwa hospitali, tukampeleka yeye. Daktari wa macho alimulika na tochi akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na presha imeanza kupanda katika la kulia. Upasuaji wenyewe si mkubwa, watu wanarudi nyumbani siku hiyohiyo. Lakini baada yake akae wiki sita bila chumvi, bila jua kali, bila bahari. Na usipofanyika kabla ya mvua kubwa, jicho la kulia halitarudi, na la kushoto halitangoja sana. Alisema waziwazi, kwa sauti ya mtu aliyezoea wazee wabishi.

Baba alimsikiliza, akashukuru, akavaa kofia. Njiani akasema haiwezekani.

"Wiki sita nani atawapeleka wageni kwenye meli?"

"Mimi, Baba."

"Wewe utaipatia wapi?"

Mama alinitazama. Mimi nikatazama dirisha. Ningesema nini? Kwamba binti yako amekuibia kwa kioo cha kilemba? Angekufa kwa aibu au angeniua kwa hasira, na vyote viwili ningevijutia. Basi akamaliza mwenyewe: atangoja kijana wake arudi mwakani, amkabidhi alama mkononi, ndipo atakwenda kulala kitandani mwa daktari kwa amani. Ningekuwa sina adabu ningesema sikio la kufa halisikii dawa. Nina adabu, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Jumamosi iliyopita ndiyo iliyonimaliza. Daktari wa meno alikuja na mashemeji zake wawili aliotaka kuwaringia. Bahari ilikuwa tulivu, maji maangavu. Karibu na mlango wa mwamba, pale unapokumbuka mawimbi yanavunjika hata siku ya upepo mdogo, Baba alinigusa bega la kushoto. Kushoto! Kushoto kulikuwa na meno ya mwamba, meupe, yanachekelea. Akanigusa tena, kwa nguvu. Watu sita botini. Nikakata kulia. Taratibu aliniona, akayaona na yale mawe, akainama kwenye injini kama mtu anayesali.

Tuliipata meli. Timazi likagonga chuma mara ya kwanza. Daktari wa meno, mtu wa kung'oa watu, aling'olewa yeye kitini na chewa mmoja mkubwa kuliko mkoba wake wa kazi, mashemeji wakapiga makofi, wakavua kolekole mpaka mikono ikachubuka. Baba alikaa safari nzima ya kurudi ameshika timazi mapajani.

Tulipokula chakula cha jioni akasafisha koo.

"Leo nilikugusa kushoto."

"Ndiyo, Baba."

"Ukaenda kulia. Jua lilinihamia shavuni, nikajua."

"Ndiyo, Baba."

"Na meli tuliikuta."

"Tuliikuta, Baba."

Akatafuna. Akatafuna. Mama aliacha kijiko hewani. Nikasema hapa sasa, leo yanatoka yote, na mimi niko tayari.

"Mkondo," akasema Baba. "Mkondo ulitusukuma." Akaomba chumvi.

Kaka, nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi nikalia. Sikulia kwa huzuni tu, nisikudanganye. Nililia kwa hasira. Mkondo anaweza kuupa meli. Mimi hapana.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo barua inapoanza. Mimi uliniambia ukweli miaka miwili iliyopita: nyumba iko huko, watoto wanasoma huko, hurudi kuishi huku. Nilikuelewa na sikukulaumu. Lakini Baba ukipiga simu, nayo imewekwa sauti ya juu na Mama amekaa pembeni, unamwambia mwakani. Mwaka jana ulisema mwakani. Najua unasema hivyo ili kumfurahisha, na yeye anafurahi kweli, anashinda siku tatu akipiga mluzi. Lakini mwakani yako inamla macho. Nimesema, na sirudishi neno.

Nafasi ya upasuaji nimeshaiomba, Alhamisi tarehe 18 mwezi wa tatu. Ninachotaka ni upige simu kabla ya hapo, umwambie kwa mdomo wako kwamba hurudi, na kwamba meli ya saruji anipe mimi. Barua haitafaa, kwa sababu hawezi tena kusoma, msomaji wake ni mimi, na hataamini kwamba maneno hayo si ya kwangu. Usimwambie habari ya kioo. Usimwambie habari ya tangi. Mwache anifundishe alama moja moja, nami nitauliza maswali ya kijinga na nitakosea mara mbili tatu, atanigombeza na kupata nguvu. Alama ninazo. Ninachokosa ni kupewa.

Na usitume koti jingine.

Mama anakusalimu, anasema mke wako akupikie vitu laini, mgongo unaanzia tumboni. Simbishii. Taratibu anakusalimu na anauliza kama huko kuna injini zinazokubali kuwaka asubuhi. Shangazi wa kiwanda cha barafu anasema hujamjibu, na anajua kwa nini. Wabusu watoto kwa niaba yangu, mwambie wifi ninamwombea kwa kuishi na mtu wa ukoo wetu.

Baba naye ana salamu. Yeye ndiye aliyeniamuru leo asubuhi niandike barua hii, kwa kuwa mambo ya alama, anasema, hayapiti kwenye simu. Amekaa hapa mbele yangu, koti lako magotini, anasikiliza kalamu inavyokwenda na ananiuliza mbona ndefu. Ameniambia niyaandike maneno yake kama yalivyo, nisipunguze, nami nayaandika: "Mwambie mwanangu asiwe na haraka. Macho yangu mazima, na tangi lipo palepale."

Mungu akulinde, akupe mgongo imara na ulimi mnyoofu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo nilipokukasirikia.