Damu ya Sifuri

4 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Sisi wazima, ila nimechanganyikiwa.

Unajua kazi yangu: tunapima damu za wanawake, tukitafuta homoni za kiwandani za kuzuia mimba, hata zikiwa kidogo kama punje ya chumvi kwenye pipa la maji. Kila asubuhi mashine hupewa kwanza damu isiyo na homoni hizo. Ikisoma sifuri, ndipo tunaiamini. Damu hiyo ni yangu, kwa kuwa sijawahi kutumia dawa hizo. Juzi ile ya akiba iliisha, nikatolewa nyingine. Mashine haikusoma sifuri. Tulisafisha mirija yote, wapi! Mume wangu nilipomweleza, akaniuliza, "Kumbe unameza vidonge kwa siri, na mimi nangoja mtoto?"

Nimelia, Mama. Dawa pekee ninayokunywa ni ule unga wa mizizi unaonitumia ili nishike mimba. Nitaupima.

Mwanao

12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yanauma, mdomo mzima. Mashine yenu inaota! Unga ule nauziwa na shoga yangu, tumelea watoto pamoja. Leo nimeanza kuunywa mwenyewe. Mwisho wa mwezi nakuja, unitoe damu. Kizazi changu kilishafunga duka, hakuna wa kunisingizia vidonge.

Mama yako asiyetishika

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Ulifika salama huko nyumbani? Unga una homoni, na damu yako pia inayo. Nilirudia kipimo nikitamani niwe nimekosea. Mume wangu aliyasoma majibu, akaniomba radhi. Sikulaumu hata kidogo. Ila wengine wanaoutumia waambie waache. Niandikie, tafadhali.

Mwanao

20 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kimya, kalamu ilikuwa nzito. Shoga yangu kumbe huununua kwa magunia, akidhani ni mizizi mitupu, asijue wanaomuuzia wameuchanganya na vidonge. Alilia kuliko mimi. Tumezunguka nyumba kwa nyumba kuwaonya wanawake.

Nyumba moja niliiogopa. Yule mke wa kwanza wa kaka yako, tuliyemrudisha kwao kwa kukosa mtoto, naye nilikuwa nikimpa unga huu kwa mkono wangu, tangu alipoolewa. Jana nilijikaza, nikaenda. Alinifungulia mlango akiwa na mtoto mgongoni. Akanipa kiti, nikamweleza yote.

Akasema, "Mimi nilishajua sina kasoro, mama. Kamwambie mwanao."

Kwa kaka yako ndiko ninakokwenda sasa.

Mama yako