Khubbeza Imeisha Kilimani, Dozi Imebaki Juu

Kwako mshauri,

Shikamoo. Naomba unisaidie mawazo maana yangu yamefika mwisho, na hapa nyumbani hakuna ninayeweza kumwambia bila kuvunja kiapo. Nimeolewa na Maamun huku vilimani Ajloun na naishi na mama mkwe wangu, Mama Maamun, na sisemi kwa unafiki, ni mama mwema, alinipokea vizuri na kupika amenifundisha yeye. Miaka kadhaa nyuma alipasuliwa moyo, vali moja wakamwekea ya chuma, na tangu hapo kila jioni anameza warfarini ili damu isigande kwenye kile chuma, na kila mwezi anapimwa damu ili daktari ajue kama dawa inatosha au imezidi. Vidonge namwekea mimi kwa sababu macho yake hayasomi tena.

Tatizo ni khubbeza, mboga ya majani ya mwituni. Daktari wake, Daktari Ibtihal, alimkataza mboga zote za majani, tena kwa ukali, lakini mvua za baridi zikinyesha na khubbeza ikajiotea chini ya mizeituni nani atamzuia mama huyu, anachukua kisu na mfuko, anapanda kilima na majirani zake, wanarudi wanacheka kama wasichana, kisha anaipika kwa kitunguu na mafuta ya zeituni, anaikamulia limau na kula na mkate mchana na jioni, msimu mzima. Nikimuuliza, "Mama, na daktari je?" ananijibu, "Daktari kazaliwa mjini Amman, khubbeza ataijulia wapi? Huyo mumeo unayemringia nimemlea kwa hiyo hiyo, mwaka ambao hata dengu hatukuwa nazo."

Siku moja aliniita, akaushika mkono wangu akauweka juu ya kichwa cha binti yangu Jumana, akasema, "Apa kwa kichwa cha huyu kwamba hutamwambia Maamun wala daktari." Nikaapa. Mdomo ulitangulia akili.

Tulipokwenda kliniki kipimo kilionyesha damu inaganda upesi mno, dawa haitoshi. Daktari akamuuliza, "Mama, unakula majani?" Akajibu, "Majani? Kwani mimi mbuzi?" Tukacheka wote, na mimi pia nikacheka, na daktari akaongeza dozi. Mwezi uliofuata ikawa vilevile, akaongeza tena. Mwezi huu kliniki hatukwenda, tulikuwa na harusi ya binamu yake Maamun.

Sasa joto limeingia, khubbeza imekauka, hata ile niliyoiweka kwenye friza tumeimaliza, na dozi ni ile ile ya juu. Wiki hii nimemwona na madoa ya zambarau mikononi, anasema kajigonga mlangoni. Jana akipiga mswaki alitema damu, na leo asubuhi tena, na foronya yake ilikuwa na doa. Nikakumbuka siku tuliyotoka hospitali baada ya ule upasuaji muuguzi alisema majani hupunguza nguvu ya dawa, ndipo nikapata akili kwamba majani yameondoka na nguvu imebaki peke yake.

Nimewaza kumpunguzia nusu kidonge kimyakimya, hatajua, kwa kuwa mwekaji ni mimi. Nikimwambia Maamun, mtoto wangu akapatwa na jambo kwa kiapo changu, nitakwenda wapi? Na nikinyamaza, mama huyu akanifia mikononi? Nishauri, tafadhali.

Mkwe, Ajloun

*

Mkwe wa Ajloun,

Uliandika namba ya simu chini ya barua. Nimepiga, imezimwa. Kwa hiyo nimewaruka wote waliotangulia na kukuweka wewe kwanza, nao watanisamehe.

Anayemeza warfarini akitoka damu kwenye fizi na kupata madoa asiyojua yametoka wapi, hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo akapimwe damu. Hangoji tarehe ya kliniki. Mpeleke kabla ya saa ya kumeza kidonge cha jioni, ili daktari ndiye aseme kimezwe au kiachwe. Na akiumwa kichwa ghafla, akianguka na kujigonga kichwa, akitapika damu, choo kikiwa cheusi kama lami, au mdomo na mkono vikilegea upande mmoja, hapo hata Maamun msimngoje. Iteni gari la wagonjwa.

Hiyo nusu kidonge iache. Nyumba yenu tayari ina daktari anayeongeza dawa bila kujua, na mgonjwa anayeipunguza kwa sufuria. Wewe sasa unataka kuwa wa tatu, tena gizani. Ukipunguza kupita kiasi, damu itaganda kwenye ile vali, na kipande kikipanda ubongoni ni kiharusi. Huna kipimo, binti yangu. Una wasiwasi tu, na wasiwasi haukati kidonge.

Sasa nikuseme kidogo. Ulikuwepo kliniki, ulisikia swali na ulijua jibu, ukacheka. Daktari aliongeza dozi kwa sababu ya kicheko kile. Najua ulikuwa umebanwa baina ya mama mkwe na daktari, na mke kijana katika nyumba ya watu hana pa kusemea. Nakuonea huruma kweli. Lakini wahenga hawakukosea: mficha maradhi, kifo humuumbua. Na wewe si mgonjwa, wewe ni mfichaji wa kukodiwa.

Kuhusu kiapo: kichwa cha mtoto hakiapiwi, na Mungu hamwadhibu Jumana kwa sababu bibi yake anapenda mboga. Hata kama ungeapa kwa jina Lake, ukiona la heri kuliko ulichoapia, unafanya la heri na unatoa kafara, unalisha maskini kumi. Pika sufuria ya dengu ugawe, moyo wako utulie. Ila nenda hospitali kwanza, dengu zitangoja.

Mkishafika, mwambie Daktari Ibtihal yote: alikuwa anakula nini, kiasi gani, na lini iliisha. Atafoka. Mwache afoke, kisha umuulize swali ambalo nami nimemuuliza mfamasia ninayemwamini: je, ni lazima kuacha majani kabisa? Mfamasia wangu amesema wengi hawalazimiki. Shida inaanza pale leo ni sinia zima na kesho hakuna hata jani. Ale kiasi kile kile wiki hadi wiki, na msimu ukianza au ukiisha daktari aambiwe mapema ili apime mara nyingi zaidi. Na kabla hamjaondoka hapo, ulizeni pia kuhusu aspirini za kuazimana na majirani, habbat sauda, kuumikwa chuku, na dawa yoyote mpya hata ya kikohozi, kwa sababu vingi kati ya hivyo vinagombana na warfarini. Akisahau kidonge, akimeze akikumbuka siku ile ile. Siku ikipita kimepita, asimeze viwili kufidia.

Nimemaliza na wewe. Sasa chukua gazeti hili, kaa karibu na mama mkwe wako, na msomee haya yaliyobaki, kwa sauti.

Mama Maamun, mimi ni mwanamke wa umri wako, na khubbeza nimeichuma mpaka kucha zikawa kijani. Naelewa unachokiogopa. Unaogopa mwanao akijua atakufungia ndani, na kilima kitabaki cha wenzako. Maamun asikufungie, nami namwambia hapa mbele ya wasomaji wote: mama yako apande kilima chake, achume, ale kwa kiasi, na daktari ajue. Lakini ile ya mbuzi, dada yangu, ulimjibu nani? Daktari alicheka akasahau. Aliyeongezewa dawa ni wewe, na damu kwenye foronya ni yako.

Na kuna mmoja umemsahau. Wewe ukifa kwa siri hii, kaburini utapumzika. Mkweo atabaki, na kila asubuhi akimsuka Jumana nywele, mkono wake utagusa mahali pale pale ulipouweka. Kosa gani alilokutendea, hata umwachie urithi huo? Vaa viatu, mwiteni Maamun alete gari. Na mkiwa njiani kwenda hospitali, kiapo mfungulie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, mwanao akisikia.