Neema Amenikatia Simu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua utaitikia kwa sauti hata kama uko peke yako jikoni. Magoti yanasemaje? Na huko Ntalikwa, mvua ya kupandia imeshanyesha au bado mnaangalia mawingu tu? Mimi huku Lubumbashi mwili ni mzima, nachomelea mageti kama kawaida, macho tu ndiyo yanawasha jioni. Moyo ndio umevunjika, na sababu ni mjukuu wako.

Tangu yule mtu ajifanye mjomba wake kwenye simu yako ya kupangusa, sina raha. Alijua jina la mtoto, shule yake, hata jina la marehemu mama yake. Yote kayatoa kwenye picha za komunyo tulizorusha na maelezo yake kwenye kundi la ukoo, zikasambaa. Neema akamwamkia vizuri, kama tulivyomlea. Mjomba akaomba picha, akatumiwa. Akaomba nyingine za aibu, ndipo mtoto akakuletea simu huku analia. Namba ile haipatikani tena, na picha ya kwanza anayo. Hiyo hairudi, Mama.

Niliposema afundishwe kumhoji yeyote anayempigia, hata mkubwa, ulinijia juu: "Mtoto amhoji mkubwa? Heshima gani hiyo? Ya huko Kongo usituletee!" Nilicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Mtoto tuliyemzoesha kwenda kila anapotumwa na mtu mzima, nani atamfundisha leo kukataa? Nikamfundisha mwenyewe kwa simu: usitume picha, usiseme unapokaa, usimwamini mtu kwa kuwa tu anakujua. Alikuwa anaitikia "ndiyo baba", nikadhani hayaingii.

Jumapili simu yangu iliharibika, nikaazima ya jirani. Nikapiga kwako, akapokea Neema.

"Neema, ni baba."

"Baba yupi?"

"Baba yako, Shija."

"Nitajuaje?"

Nikamtajia shule, mwalimu wake, jina la mama yake. Akasema taratibu, "Hata yule alijua." Nikamwambia asikilize sauti yangu, lakini mtandao ulikuwa unakatakata. Akakata simu. Nikapiga tena na tena, hakupokea.

Hakukosea hata kidogo, Mama, na hapo ndipo ninapoumia. Nilimwacha hajaanza shule. Nilibaki na simu ya watu mkononi, natafuta jambo moja tu la mwanangu ninalolijua mimi, ambalo mtu baki hawezi kulipata kwenye picha. Sikulipata.

Nisalimie dada yangu Kulwa na mumewe. Mwambie afute zile picha za komunyo kwenye kundi, ingawa tumeshachelewa. Msalimie na baba mdogo anayekusaidia shamba.

Neema mwambie aliyepiga Jumapili alikuwa baba yake kweli. Akikuuliza umejuaje, mwonyeshe barua hii. Mwandiko huu unaujua wewe. Yeye hajawahi kuuona.

Mwanao,
Shija