Karani wa Yadi Mia Nne na Arobaini

Jumatatu, 7 Machi 1966
Nimekimbia Mbaraki hadi Ganjoni, kwenda na kurudi, kabla ya kazi. Miguu mizito. Kisha kazini Shimanzi, kwenye godauni. Leo nimekuwa mpiga taipu, mkalimani wa Kigujarati, mhesabu magunia na fundi wa mizani iliyokwama. Rashidi, wa meza ya pili, ni mtu wa forodha tu. Miaka yote agonga muhuri ule ule, nao wamwita mtaalamu. Utepe wa taipu yake ukikatika huniita mimi. Mtaalamu!

Jumanne, 8 Machi
Mwalimu Kasimu, anayetufundisha mbio, tumbo lake humtangulia kufika uwanjani. Ataka niache kazi. Eti mtu hukimbia au huandika. Hajui kwamba mkimbiaji naye hula.

Jumatano, 9 Machi
Karani mkuu kaniita. Cheo cha msimamizi wa forodha ki wazi, ni changu nikikitaka. Sharti niache "mchezo wa watoto". Nikamwomba ruhusa ya Ijumaa na Jumamosi, nende Nairobi kwenye mchujo wa timu ya taifa.

"Ukenda, cheo ni cha Rashidi," kasema, huku akichokonoa meno.

Nyumbani ami Abdalla naye kanitupia methali. Siiandiki. Imechoka kuliko yeye. Wote wanitaka nusu, kila mmoja na nusu yake. Nawadharau.

Alhamisi, 10 Machi
Ndani ya gari la moshi. Sikuaga ofisini. Mama kanifungia mikate ya mofa, hakuuliza kitu. Naogopa.

Jumamosi, 12 Machi. Nairobi
Baridi ya upuzi. Pumzi haishuki kifuani. Yadi mia nne na arobaini, wanachukuliwa wanne. Karibu wote ni askari: kazi yao kula, kulala na kukimbia. Niliwacheka moyoni hadi kona ya pili. Hapo wakanipita kana kwamba nimefungwa kamba. Nikamfukuza wa nne hadi utepeni. Kanishinda kwa kifua.

Wa tano.

Nilitapika nyuma ya jukwaa. Yule wa nne, askari aitwaye Barasa, akaniletea maji.

"Unafanya mazoezi saa ngapi?"

"Kabla ya kazi."

"Halafu unafanya kazi siku nzima?"

"Siku nzima."

Akanitazama. "Mimi ningekuwa wa mwisho."

Ningependa anidharau. Hakunidharau. Nikamchukia zaidi.

Jumapili, 13 Machi
Jana mpiga taipu wa wasimamizi wa mchujo hakutokea. Nikawapigia matokeo. Jina langu, la tano, nimelipiga kwa vidole vyangu mwenyewe. Meneja wa timu alikuwa akitazama. Leo asubuhi kanitaka niwe karani wao safarini: tikiti, mizigo, ukalimani.

Nilitaka kumtemea mate. Wataka vidole, hawataki miguu. Nikasema nitafikiri. Njia nzima ya kurudi najidharau, kwa sababu kazi ile naitaka.

Jumatatu, 14 Machi
Rashidi amepewa cheo. Ameshanunua na tai. Karani mkuu kapita mbele yangu kama mimi ni upepo. Godauni limenuka kahawa iliyooza kutwa. Sikukimbia leo.

Jumanne, 15 Machi
Nimekimbia. Kisha posta. Simu ya maandishi kwa meneja: nakubali, ila niruhusiwe mazoezi na wale wanne, kila siku, bila kukosa. Maneno machache, jasho jingi.

Ijumaa, 18 Machi
Jibu limekuja. Wamekubali. Barasa naye ameongeza neno lake: njoo na viatu.

Baada ya sala nilimkuta mama uani, anachagua mchele. Nikakaa kando yake. Nikamweleza.

"Wakutakani?"

"Niwe karani wa timu."

"Kwani wao hawayui kuandika?"

"Hawayui."

"Na we huyui kukimbia?"

"Nayua."

Akatoa jiwe, akalitupa. Akapeta mara mbili tatu.

"Basi enda."