Makopo Yasiyo na Uzi

Jumapili, Novemba. Nyakato.

Mvua imeanza tukiwa bado kanisani na sasa hivi ndiyo imekatika. Mwaka mwingine ningeifurahia. Leo kila ilivyozidi kupiga bati ndivyo nilivyozidi kuiogopa kesho.

Sijui nianzie wapi. Kichwa hakina mpangilio, acha niandike hivyo hivyo.

Kazi yangu ni kutengeneza chembe. Ndiyo ninayoifanya kwenye kituo cha utafiti wa pamba, chini ya Daktari Magesa, mkuu wetu. Tunachukua chumvi ya madini ya fedha, fedha ya pete na si ya matumizi, tunaigeuza iwe chembe ndogo mno zinazoelea ndani ya maji. Hata hadubini yetu haizioni. Tunajua zimo kwa rangi tu: maji yanakuwa ya njano, kama chai ya rangi iliyopikwa na mtu mchoyo. Kisha tunaroweka mbegu za pamba humo, na miche ikiota tunaimwagilia maji hayo hayo, tuone yanaifanya nini.

Mwanzoni ilikuwa taabu tupu. Kemikali ya kugeuzia iliagizwa ng'ambo, tukaisubiri mpaka tukaisahau. Maji ya bomba nayo yalikuwa yanaharibu kila kitu, ukiyamimina tu mchanganyiko unakuwa mweupe kama togwa. Nikaja kujaribu majani ya mpera yaliyochemshwa, pamoja na maji ya mvua kutoka pipa langu la nyumbani. Sufuria haijapoa, njano hiyo hapo. Safi, kwa haraka, bila kuagiza chochote. Daktari alifurahi mpaka akanishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo si kawaida yake. Na kwa kuwa bomba la kituo linakauka kila wiki, akaniruhusu nikuze miche hapa kwangu, barazani nyuma.

Nikapanga makopo ya miche. Nusu nikayafunga uzi mwekundu, hayo yapate chembe. Nusu nikayaacha bila uzi, yapate maji matupu. Haya ya maji matupu ndiyo roho ya kazi yenyewe, maana usipokuwa nayo utalinganisha na nini?

Halafu akaja mama.

Alitoka nyumbani, upande wa Magu, kuja kutibiwa macho, akakaa kwangu muda wote huo. Siku ya kwanza alinikuta nachemsha, akauliza napika nini. Nikamwambia fedha. Akasema ndiyo maana nyumba haina hata kiti cha maana, fedha zenyewe unazichemsha. Nikacheka, nikajaribu kumweleza habari za chembe ndogo kuliko vumbi. Akauliza, kama huzioni umejuaje kwamba zimo? Nilikuwa nimechoka. Nikasema, "Ni dawa, mama. Dawa ya pamba."

Neno moja tu hilo.

Mimi nilipolitamka sikumaanisha kitu. Kituoni kila kilichomo kwenye chupa tunakiita dawa, hata sabuni ya kuoshea vyombo. Kwa mama dawa ni dawa. Inaponya, na aliye nayo hamnyimi anayeihitaji. Tena dawa ya pamba ina historia naye. Zamani iliwafikia kupitia chama cha ushirika, wakilalamika kuchelewa lakini inafika. Siku hizi biashara ni huria, kila mwenye duka ana chupa zake. Msimu uliopita mama alinunua zenye picha nzuri, akapulizia shamba zima, kumbe ni maji yaliyotiwa harufu. Funza wakamaliza vitumba. Alinisimulia hayo huku anachambua mchele, bila kuinua macho, na mimi iliniuma sana.

Ijumaa nikamsindikiza stendi. Basi limeshawashwa, akanichungulia dirishani.

"Wale wasio na uzi usiwahangaikie. Niliwagawia na wao."

"Uliwagawia nini, mama?"

"Dawa. Kila ulipotoka. Watoto wa baraza moja, wengine wanywe wengine watazame? Na mimi nimechukua chupa yangu moja, nitaroweka mbegu. Mvua kubwa ya kupandia ikinyesha tu, napanda."

Basi likaondoka. Nikabaki nimesimama pale napunga mkono, kama mtu ambaye hajaharibikiwa na chochote.

Wale, alisema. Kama watu.

Tangu Ijumaa hiyo sijielewi. Siku zote nilikuwa nashangaa kwa nini makopo yenye uzi na yasiyo na uzi yanafanana. Nikapima urefu, nikahesabu majani, nikapima tena. Nikaishia kuandika kwenye rasimu ya taarifa kwamba chembe hazina athari yoyote kwa miche ya pamba, si njema wala mbaya. Nilijiona mkweli kabisa. Kumbe nilikuwa nalinganisha waliokunywa na waliokunywa.

Nilikasirika? Nilikasirika sana. Nilirudi nyumbani naongea peke yangu, jirani akanisalimia sikumwitikia. Halafu nikayakumbuka mambo ya utotoni, mama anavyomkata sato mmoja vipande kwa idadi yetu, anatupanga kwa sahani, yeye anabaki na mkia. Hakuna hata siku moja mtoto alisimama pembeni ajaribiwe kwa njaa. Sasa mtu huyo huyo ukamwonyeshe safu mbili za miche, umwambie hii inapewa dawa na hii inanyimwa makusudi, akuelewe vipi?

Hasira ikaisha yenyewe. Kilichobaki ni mvurugano mtupu.

Leo baada ya kanisa nimesogeza pipa ili nichote maji, nikaona nyuma yake kopo moja. Nilikuwa nimelisahau. Lilipinduka siku za mwanzo, nikalisukuma huko kwa sababu mche wake ulikuwa mnyonge. Halina uzi. Limeishi kwa matone ya manyunyu ya hapa na pale yanayoruka kutoka kwenye bati, na mama hakuliona.

Nikaung'oa mche huo polepole. Nikang'oa na mwingine wa barazani, nikaiosha mizizi ya miche yote miwili kwenye beseni.

Mche wa nyuma ya pipa una majani machache, tena yamepauka. Ukiutazama juu utauonea huruma. Lakini mzizi wake mkuu ni mrefu, mweupe, umejaa vinyweleo. Mche wa barazani juu ni kijani kilichokolea, unapendeza mno. Chini mzizi ni mfupi, ncha yake imekuwa kahawia, kama umefika mahali ukakatazwa kuendelea. Nikang'oa mwingine. Mfupi. Mwingine tena. Mfupi.

Sasa hiyo ni nini? Inawezekana ni chembe. Inawezekana ni kivuli cha pipa, mche ukilikosa jua majani yanapauka. Au makopo ya barazani ni madogo kuliko hilo, mizizi imegonga bati. Au majani ya mpera yenyewe, wala si fedha. Nimezunguka na maswali haya mpaka chai imepoa mbele yangu.

Na pia inawezekana mzizi mfupi si tatizo. Hakuna mbegu hata moja iliyooza barazani, na huko nyumbani huoza nyingi mvua zikizidi. Labda mama ameondoka na kitu kizuri, na mimi ndiye nitakayemharibia.

Lakini shamba la mama liko mlimani, udongo wa kichanga. Mwezi wa pili jua likiwaka, pamba ya pale inaishi kwa kinachochimbwa na mzizi. Mzizi usipofika chini, majani mazuri yatamsaidia nini? Na alishapoteza msimu mmoja kwa chupa ya mtu. Huu wa pili utakuwa umepotea kwa chupa yangu.

Mvua hii lazima imefika kwao. Leo ni Jumapili, mama hashiki jembe Jumapili. Ila kuroweka si kulima, kwa hiyo ninavyoandika mbegu zake zimo ndani ya beseni, na kesho asubuhi zinakwenda ardhini. Kesho asubuhi hiyo hiyo Daktari ananisubiri na taarifa, anataka kujua kama tuipeleke kazi hii kwa wakulima au tuifunge. Simu huko kwetu hakuna. Siwezi kuwa sehemu mbili.

Nikienda kituoni nitasema nini? Hakuna athari? Si kweli. Kuna athari? Nina mche mmoja wa kulinganisha, na mche mmoja si ushahidi, jambo hili nimewaambia wanafunzi wa mafunzo ya vitendo mpaka wamenichoka.

Mche mmoja si ushahidi. Na mama ninaye mmoja.

Nimemwandikia Daktari kwamba taarifa haipo na kosa ni langu, jirani ataipeleka barua. Nimechukua mbegu kavu zilizobaki hapa, zinatosha kipande kikubwa cha shamba, nimezifunga kwenye mfuko karibu na mlango. Basi la kwanza linaondoka alfajiri.

Kinachonisumbua sasa ni namna ya kumwambia. Nilimpa neno jepesi, akaliamini. Nikisema ni sumu nitakuwa nadanganya tena. Nitamwamkia, shikamoo mama, ataitikia marahaba, atashangaa kuniona Jumatatu, atanisogezea kigoda. Na mimi msomi wa familia, niliyesomeshwa kwa kuuza ng'ombe, nitamwambia jambo ambalo sijawahi kumwambia tangu nianze shule.

Mama, sijui ni kitu gani kile. Usipande.