Mwembe wa Kaburini

Mjukuu wangu Koku,

Marahaba. Huku Ndama hatujambo. Babu yako anakohoa kidogo, ila kanisani bado anaimba kuwazidi vijana.

Umeniuliza kama upulize dawa kwenye miembe yako huko Mkuranga, au uwaache maji moto, wale sisimizi wekundu wanaouma.

Nilipokuwa msichana, tulikuwa tunangoja wageni wa kumposa dada yangu. Baba hakutaka waumwe kibanjani, akachukua dawa ya wadudu wa kahawa akapuliza miembe yote. Aliuacha mmoja tu, ule uliofunika kaburi la mama yake. Nani ammwagie mzazi sumu? Maji moto wakaanguka chini kama makapi, nasi tukashangilia.

Wiki chache baadaye wageni wakaja. Mama akapasua embe la kwanza, limeiva, la njano kabisa. Mungu wangu! Funza tele, na mshenga ameshanyoosha mkono. La pili, funza. La tatu, funza.

Nikakimbilia mwembe wa kaburini, nikachuma huku naumwa. Kila nililopasua lilikuwa safi. Kumbe dawa ilikuwa imeua walinzi, na nzi wanaotaga ndani ya maembe walipokuja hawakukuta wa kuwafukuza.

Wageni walipoondoka, nilimwona baba pale kaburini. Alikuwa ameshika shina, maji moto wamemjaa mkononi wanamng'ata, naye hawapangusi.

Bibi yako